Waraka kwa Wanachama: Mwaka Huu Twende Engaruka

KWA: Wanachama wote wa kikundi, Sombetini
KUTOKA: Katibu
YAH: SAFARI YA MWAKA NA WAJIBU WETU KWA MAGOFU YA ENGARUKA





Kwenye kikao kilichopita ubishi wa safari ya mwaka ulituchosha. Wapo waliotaka Maji Moto ya Chemka, wapo waliotaka Ziwa Duluti, na hoja za pande zote zilikuwa zile zile: ni karibu, nyama itapatikana, spika italia. Niliposema Engaruka, watu walinyamaza kwanza, kisha mama mmoja akauliza kama huko kuna kivuli. Kipo. Mwenyekiti akaniagiza niiandike hoja yangu kwa kirefu ili kila mmoja aisome kwa nafasi yake kabla hatujapiga kura. Nimetii. Naomba tu msiusome waraka huu kama tangazo la matembezi. Naomba mambo mawili yanayokwenda pamoja: twende tukaone, na tukishaona tuingie katika hesabu ya watu wanaopatunza mahali pale.

Baadhi yetu tumeshapita Engaruka bila kujua. Mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu, alipokuwa akitoa dawa kule Samunge kwa shilingi 500 kikombe, magari ya Arusha yalishika Mto wa Mbu, yakapita Selela, yakapita Engaruka, yakaelekea Ngare Sero na kuupanda ukuta wa Sonjo. Watu walilala barabarani, wengine na wagonjwa mahututi, na si ajabu kwamba akili zote zilikuwa mbele kwa Babu. Mkono wa kushoto, chini ya ule ukuta mrefu wa Bonde la Ufa, makazi mazima ya wakulima wa kale yalikuwa pale pale yalipo leo. Hayakuwa na bango la kumsimamisha mtu.

Nieleze mapema mtakachokikuta, maana anayekwenda akitarajia kasri atarudi amenuna. Kilwa Kisiwani kuna Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, na Zimbabwe Kuu kuna kuta zinazomzidi mtu kimo mara kadhaa. Engaruka hakuna mfalme, hakuna mnara, hakuna kaburi la mtu maarufu. Kuna mashamba. Ni mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, mstari baada ya mstari, yakifunika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20. Kuna mifereji iliyojengewa mawe kandokando, inayotoka pale mito inapochomoka kwenye makorongo ya ukuta wa bonde na kuyazungusha maji hadi uwandani. Kuna marundo makubwa ya mawe, kuna maboma ya duara, na juu yake kidogo, kwenye miteremko ya tako la ukuta wa bonde, kuna vijiji saba vya kale ambavyo kila nyumba ilisimama kwenye kitako chake, kilichochimbwa mteremkoni na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe usio na tope wala saruji. Watu waliishi pale na kulima tangu karne ya 15 hadi karne ya 18. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, ndani huku watu walikuwa wakifungulia maji shambani kwa zamu.

Ninyi mafundi wa kikundi hiki, hasa mnaojenga misingi ya mawe kule Muriet na Olasiti, safari hii nimeiwazia ninyi kwanza. Mnajua mfereji ukiwa na mteremko mkali maji yanachimba na kuukata, na ukiwa bapa mno unajaa tope na kuziba. Wale watu waliipata ile kadiri ya katikati bila pima maji wala kamba ya duka la vifaa, wakaishika kwa mwendo mrefu wakifuata tako la mlima. Mawe yao hayakuchongwa. Yaliokotwa, yakachaguliwa, yakapangwa uso kwa uso hadi yakashikana yenyewe, na sehemu nyingine yanashikana mpaka leo. Nataka fundi mmoja wetu asimame mbele ya ukuta ule na kutueleza sisi tusiojua: hapa alianzia wapi, na kwa nini jiwe hili limelala na lile limesimama. Hakuna mwongoza wageni atakayetueleza hilo vizuri kuliko fundi wa Sombetini.

Na lipo jambo ambalo mimi lilinishangaza kuliko mawe. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mistari ile ni mipaka tu ya viwanja, au njia ya kuondoa mawe yasilikwaze jembe. Utafiti wa miaka ya karibuni, uliohusisha watu wa Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza akiwamo Daryl Stump, umeonyesha kitu kikubwa zaidi: sehemu ya udongo wenyewe iliwekwa pale na wakulima. Waliyaacha maji ya mto yenye tope yaingie nyuma ya mistari ya mawe, yakapunguza mwendo, tope likatua. Msimu uliofuata tope lilitua tena. Ukuta ukainuliwa kidogo, tope likapanda. Yaani hawakukuta shamba wakalilima; walilitengeneza, tabaka juu ya tabaka, kwa vizazi. Mvua ya Engaruka ni haba, ukanda wote ule uko kwenye kivuli cha milima ya Ngorongoro, na mtama wa kulisha maelfu ya watu usingeota kwa kungoja mawingu.

Sasa mtaelewa kwa nini nasema jiwe moja pale lina maana. Thamani ya Engaruka haipo katika jiwe bali katika mahali jiwe lilipo. Ukiliondoa, tabaka la udongo lililoegemea hapo halina tena wa kulishuhudia. Mvua moja ya masika inalikokota, na mtafiti ajaye baada ya miaka kumi hataweza kusema maji yalipita wapi wala ukuta uliinuliwa mara ngapi. Kokoto la Engaruka likiwa mezani kwako Sombetini ni kokoto tu.

Wageni walioandika juu ya mahali hapo ni wengi, nami nitataja wachache. Mjerumani Gustav Fischer alipita mwaka 1883 na mawe yale yakamkumbusha kuta zilizobomoka za ngome. Hans Reck, mjiolojia, alifika mwaka 1913. Louis Leakey alichimba mwaka 1935 na kukadiria kwamba palikaa watu 30,000 hadi 40,000. Hesabu hiyo wengine waliipunguza baadaye hadi maelfu machache, kwa sababu nyumba zote hazikukaliwa kwa wakati mmoja. Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale nchini mwetu, alichimba mwaka 1964 na 1966. John Sutton akaja baadaye akayapima mashamba na mifereji kwa makini. Yale marundo ya mawe ambayo kila mpita njia aliapa kwamba ni makaburi yalipofunuliwa yakaonekana, aghalabu, kuwa mawe yaliyookotwa shambani na kukusanywa pembeni. Katika orodha ndefu ya waliokwenda kuangalia, watu wa Arusha mjini ni wachache mno, na wenye gari la kwenda ni sisi tulio jirani.

Waliojenga ni akina nani? Wataalamu wanawataja mara nyingi Wairaqw na Wabatemi, ambao wengi tunawaita Wasonjo. Hapa naomba mrudi tena Samunge kidogo. Samunge ni kijiji cha Wabatemi. Waliokwenda kwa Babu walikuwa wageni wa watu ambao mpaka leo wanalima kwa mifereji na ambao maji yao yanagawanywa na baraza la wazee waitwao wenamiji, wenye neno la mwisho juu ya nani apate maji na lini. Siwezi kuapa kwamba babu zao ndio waliopanga mawe ya Engaruka, lakini ujuzi ni wa aina hiyo hiyo. Hata huku kwetu mlimani Meru, wanachama mliozaliwa Ilboru, Sokon au Akheri mnaujua mfereji wa ukoo: siku ya kuufagia, faini ya asiyekuja na jembe, ugomvi wa anayefungulia usiku zamu isiyo yake. Ukivuka mpaka, Wamarakwet wa Kenya bado wanateremsha maji kwa mifereji kwenye ukuta wa Bonde la Kerio, na Wakonso wa Ethiopia matuta yao ya mawe yaliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Engaruka ni ndugu wa hao wote, tofauti ni kwamba wenyewe waliondoka.

Kwa nini waliondoka, hapo wasomi hawajafunga kesi. Wapo wanaosema maji yalipungua: Mto Engaruka unatiririka mwaka mzima, lakini vijito vingine vilivyolisha mashamba yale siku hizi vina maji msimu wa mvua tu. Wapo wanaosema ardhi ilichoka. Wapo wanaotaja kuingia kwa wafugaji na mifugo yao na hali ya usalama kubadilika. Mimi naona inawezekana mambo yote matatu yalibisha hodi kwa pamoja, kama yanavyofanya kwa mkulima yeyote. Sisi tunaokinga ndoo bombani Sombetini tukiambiwa maji ya kesho ni ya mtaa wa pili, nadhani tuna sababu ya kutosha kwenda kutazama mahali ambapo watu waliishi juu ya maji yaliyopangwa na wakaondoka.

Nije kwenye kuhifadhi, ambako ndiko hasa nataka tukae.

Ulimwengu uliona mfano mbaya Machi 2001, Taliban walipolipua masanamu mawili ya Buddha katika bonde la Bamiyan huko Afghanistan, moja la mita 55 na lingine la mita 38, yaliyochongwa mwambani na kusimama kwa zaidi ya miaka elfu. Mwaka 2007, katika Bonde la Swat nchini Pakistan, uso wa Buddha wa Jahanabad nao ulilipuliwa. Wataalamu wa Italia wakishirikiana na wenyeji waliurejesha pole pole hadi mwaka 2016. Mambo hayo yalipigiwa kelele duniani kote, na ilikuwa haki. Engaruka hakuna baruti. Kuna ng'ombe anayekanyaga ukuta akielekea mtoni. Kuna punda anayebeba mawe mawili matatu kwenda kwenye msingi wa banda. Kuna jembe linalofungua upya shamba la kale kwa sababu udongo wake bado mzuri. Kuna korongo linalokula ukingo kila masika. Na kuna mgeni kutoka mjini anayetaka kupanda juu ya ukuta apigwe picha akinyoosha mikono. Kwa namna hiyo mahali panaweza kuisha bila mtu hata mmoja kushtakiwa.

Kisha kuna wasaka hazina. Mnazijua hadithi zetu: kila palipo na jiwe lililopangwa, Mjerumani alificha rupia na dhahabu. Watu wamechimbua makaburi ya watu na misingi ya nyumba za kale mikoa mingi kwa imani hiyo. Naandika hapa ili asiwepo wa kusema hakusikia: Engaruka ilikuwa imeachwa kabla Mjerumani hajakanyaga nchi hii. Fischer alipofika tayari yalikuwa magofu. Waliokaa pale walikuwa na mtama, ng'ombe, vyungu, shanga na vyuma vya shambani. Atakayekwenda na sururu atapata vigae na kesi.

Kuhusu kesi, tujue sheria kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na kazi za mikono ya watu zilizofanywa kabla ya mwaka 1863. Engaruka imo ndani bila ubishi. Kuchimba bila kibali, kubomoa, kuhamisha au kuondoka na kitu ni kosa, iwe ni ukuta mzima au shanga moja uliyoiona chini ukaona haina mwenyewe. Mwenyewe yupo, ni Jamhuri. Tukiokota kitu kinachong'aa, tunakiacha pale pale, tunamwonyesha mwongozaji, basi.

Hata hivyo nisingependa tufike kule tukiwa askari. Wakazi wa Engaruka Juu wana migomba, mahindi na maharage yanayonyweshwa na mto ule ule ulionywesha mtama wa kale. Mama anayefungua mfereji wake asubuhi haharibu historia, anaishi. Watoto wanaongezeka, ardhi haiongezeki, na mtu aliyeambiwa asiliguse eneo fulani ana haki ya kuuliza yeye anapata nini. Mpaka sasa jibu limekuwa jembamba. Watalii wengi wa Kaskazini wanapita kwa kasi kwenda Ziwa Natron kuona flamingo au kupanda Ol Doinyo Lengai usiku, na fedha zao zinapita nao. Tangu mwaka 2018 eneo la wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli linatambuliwa na UNESCO kama Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, na Engaruka imo humo. Heshima hiyo ni nzuri, lakini heshima haichemshi chai. Kinachochemsha chai ni basi la watu thelathini walioshuka, wakalipa kiingilio na kudai risiti, wakamlipa kijana wa kijijini awaongoze, wakala kwa mama wa pale badala ya kubeba sufuria la pilau kutoka Mbauda.

Najua hilo la pilau litaleta maneno. Kamati ya chakula, nawaheshimu, na pilau lenu halina mpinzani Arusha nzima. Lakini kila sahani tutakayonunua Engaruka ni hoja mkononi mwa mwenyekiti wa kijiji siku atakapowaambia vijana wasichukue mawe. Tubebe maji ya kunywa na matunda. Chakula cha mchana tukiagize huko mapema.

Jambo la mwisho katika hili ni zito zaidi, nalo linawahusu wenye fuso na tipa katika kikundi. Bonde la Engaruka lina magadi mengi, na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) limekuwa likiuandaa mradi mkubwa wa magadi soda huko. Siupingi. Ajira ni ajira, na hata baadhi ya vijana wetu watakwenda. Ila mradi wa namna hiyo unakuja na barabara, kambi, moramu, kokoto na mawe ya ujenzi, na tenda za kusomba zitafika mpaka vijiwe vya Mbauda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya kazi kama hiyo kuanza. Sisi upande wetu tuwe na msimamo rahisi: mwanachama wetu akipewa kazi ya kusomba mawe ukanda ule, aulize kwanza yanatoka wapi. Yakiwa yamepangwa, yana mstari, yana duara, aache. Fedha ya tripu hiyo tutachangiana ikibidi. Siandiki hili kwa mzaha. Nitalileta kama azimio kwenye kikao, liandikwe kwenye muhtasari na lisainiwe.

Sasa kuhusu safari yenyewe.

Tusiende masika. Makorongo ya njia ile hujaa ghafla na barabara hugeuka tope. Kati ya Julai na Oktoba panapitika vizuri. Tutatoka Sombetini alfajiri kabla foleni ya Mbauda haijaamka, tupite Kisongo na Meserani, tukunje kulia pale Makuyuni, tunywe chai Mto wa Mbu. Kutoka hapo hadi Engaruka ni kiasi cha kilomita 60 kuelekea kaskazini, ukuta wa bonde ukiwa kushoto, Kitumbeine na Gelai kulia, Kerimasi na Lengai mbele. Wenye mafua wafunike pua, vumbi lipo. Tutafika kwanza Engaruka Chini, kisha tutakunja kuelekea mlimani hadi Engaruka Juu, ambako ndiko magofu yaliko. Viatu viwe vya kutembelea. Akina dada, naomba sana, zile ndala za harusini zibaki nyumbani.

Tukifika tutasalimia kwanza ofisi ya kituo cha magofu na uongozi wa kijiji kabla mtu hajatoa simu. Wazee wa Kimasai wa pale wasalimiwe kwa heshima yao. Watoto wetu wainamishe kichwa waguswe, na asiyejua "sopa" ajifunze njiani, kwenye basi kutakuwa na akina yeyo wa kutosha kumfundisha. Picha ya mtu ipigwe kwa ruhusa yake. Tutembee kwa mstari mmoja nyuma ya mwongozaji, juu ya njia iliyokwisha kukanyagwa. Hakuna kupanda ukuta, hakuna kukalia ukuta, hakuna kuandika jina. Spika itabaki ndani ya gari, na haitawashwa mpaka turudi Mto wa Mbu, ambako kamati ya burudani itakuwa huru kabisa.

Watoto waje. Napendekeza wa darasa la nne kwenda juu, kwa sababu mwendo ni wa jua na mawe. Darasani wanafundishwa kwamba mababu zetu walilima na kufuga, wanalikariri, wanalisahau baada ya mtihani. Mtoto akisimama kando ya mfereji wa miaka mia tano, akauliza maji yalikuwa yanakuja vipi mpaka hapa, ameshajifunza kitu ambacho mwalimu asingeweza kukiandika ubaoni. Kwa wale ambao miguu haitawaruhusu, na tunao wazee wetu kadhaa, tutapanga Jumamosi moja kabla ya safari tuingie pamoja Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni na lile Boma la Mjerumani mjini. Tunapita nje ya majengo hayo kila wiki na mifuko ya sokoni. Ni haki tuyajue kwa ndani pia.

Tukirudi, kazi isiishe. Ninapendekeza sehemu ya mfuko wa jamii wa kikundi itengwe kila mwaka kwa ajili ya Engaruka, na matumizi yake yaamuliwe na wenyeji wa kule, kwa kushauriana na ofisi ya kituo, yasiamuliwe na sisi hapa. Huenda wakataka mabango, huenda wakataka miche ya kuzuia korongo, huenda wakataka daftari na sare kwa vijana wanaoongoza wageni. Tuwasikilize. Pia kila mwanachama aliye na kikundi kingine, kwaya, jumuiya, timu ya mpira au saluni yenye wateja wengi, apeleke habari hii huko. Basi moja kwa mwaka ni dogo. Mabasi kumi kutoka Sombetini, Ngarenaro, Sokon na Unga Limited yangembadilishia hesabu mtu anayeyaona yale mawe kila siku na kujiuliza yana faida gani kwake.

Wanaopinga pendekezo hili wana haki yao, na naomba waje na hoja zilizoandikwa kama nilivyoandika mimi, tusirudie makelele ya mara iliyopita. Wanaokubali waandikishe majina kwa mweka hazina kabla ya kikao kijacho, wakitaja idadi ya watoto na kama wanatumia dawa yoyote ya kila siku. Kiasi cha mchango kitatangazwa baada ya kupata bei ya gari na gharama za kituo. Fundi yeyote wa mawe anayekubali kutueleza zile kuta tukifika aniambie mapema. Huyo nauli yake italipwa na kikundi.

Wenu katika kazi,
Katibu,
Sombetini, Arusha